Udongo wa Shukrani Juu ya Paa

Ilianza Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilikuwa ndani ya kanisa peke yangu, nimepiga magoti, beseni la samadi liko pembeni, nasiriba kipande cha ukuta cha kwetu, kile cha upande wa wanawake karibu na dirisha dogo. Huko juu ya paa watu walikuwa wanamwaga udongo huku wakiimba. Nikasikia kitu kinalia juu ya kichwa changu. Haikuwa kelele kubwa. Ni kama mtu amevunja muwa kwa goti katika nyumba ya jirani. Kisha vumbi likashuka taratibu, likaingia kwenye beseni, na jingine likaniingia machoni.

Hilo vumbi nitalirudia. Kwanza niwaambie kwa nini nawaandikia.

Wadogo zangu wa shule ya Jumapili, mimi nimestaafu. Najua mmeanza kucheka. Mtu hana hata unywele mmoja mweupe, majibu yake ya kidato cha nne hayajatoka, anasema amestaafu! Lakini kazi ya kusiriba kanisa niliianza nikiwa darasa la pili, na hata nilipokwenda shule ya bweni sikuwahi kukosa likizo moja. Sasa majibu yakiwa mazuri nakwenda chuo cha ualimu, yakiwa mabaya nakwenda kwa shangazi Dodoma kujifunza kushona. Vyovyote vile naondoka. Serikali ikimstaafisha mtu inampa cheti. Mimi Bibi yangu alinipa beseni lake, nikalishika kidogo, akalichukua tena akasema lisitoke kijijini. Kwa hiyo beseni ni lenu.

Ningeweza kuwaambia haya kwa mdomo, lakini mnanijua. Nikiitwa kutoa neno mbele za watu shingo yangu huwa fupi kama ya kobe. Kuandika nimezoea. Kila siku naandika mambo yangu kidogo, hata ya kipuuzi, maana karatasi haimtazami mtu usoni.

Tuanze na samadi, kwa sababu hiyo ndiyo mtakayoishika kwanza. Iwe ya asubuhi, ya ng'ombe aliyelala zizini baada ya kula majani makavu. Samadi ya ng'ombe aliyeonja majani mabichi ya mvua za kwanza ni maji matupu. Itawateleza mikononi na itanuka mpaka Jumapili ya pili. Mimi niliitumia mara moja. Mwinjilisti Yona, ambaye mnajua huja kwetu kwa baiskeli kila Jumamosi kutoka upande wa Kilimatinde, siku ile alihubiri amesimama mlangoni, na mahubiri yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Wako watu waliokuja kunishukuru.

Mchanganye samadi na udongo laini uliochekechwa, na majivu kidogo kwa ajili ya mchwa. Msisiribe jua likiwa utosini, ukuta utakauka juu ukiwa mbichi ndani, na kesho yake utakuta umepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Anzeni juu mje chini. Mkono uende kama mnafuta machozi ya mtoto. Hayo ya machozi ni maneno ya Bibi, si yangu.

Bibi ndiye fundi wangu. Kusoma hajui, lakini nabii Hagai anamjua kama anavyomjua jirani yake. Wakati mwingine husema, "Yule Hagai alikuwa na maneno makali, lakini alisema kweli," utadhani walikutana kisimani. Anachopenda ni pale nabii anapowauliza watu kama ni haki wao kukaa katika nyumba zilizopambwa na nyumba ya Bwana iko katika hali ya kubomoka. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, kwani Mungu ananyeshewa? Nilidhani nimeuliza la maana sana. Bibi aliendelea kusiriba.

"Mungu hanyeshewi," akasema. "Wewe ndiye unayenyeshewa. Nyumba ni yake lakini kichwa kinacholowana ni chako. Sasa nani amemjengea nani?"

Ndiyo maana kila nyumba hapa kwetu ina kipande chake cha ukuta, kile kinachowatazama wanapokaa ibadani. Ukichoka na mahubiri unatazama ukuta, na ukuta unakuuliza umeuacha hivyo kwa nini. Nilipofika kidato cha pili, katika somo la Biblia nikakuta jambo hilohilo kwa Nehemia. Walipojenga upya ukuta wa Yerusalemu, wengi walipewa kutengeneza sehemu iliyokabili nyumba zao. Na katikati ya majina yale magumu yuko mtu mmoja, Shalumu, aliyetengeneza pamoja na binti zake. Binti hao hawakutajwa majina. Wenzangu darasani walisema wameonewa. Mimi nilifurahi moyoni. Nilijiona na mimi nimo mle, na hakuna aliyeniita mbele.

Sasa paa.

Kanisa letu ni tembe, kama mnavyoliona. Nguzo, juu yake boriti, juu yake fito, halafu majani, halafu udongo wa kichuguu uliokandwa. Tembe la nyumbani kila mtu analijua: kabla ya mvua unapanda, unakwangua udongo wa zamani uliochoka, unaweka mpya. Unatoa ndipo unaweka. Hata mtoto anajua.

Kanisani tulikuwa tunaweka tu.

Sababu ni hii. Kila mwaka baada ya mavuno, kabla mvua hazijaanza, kila nyumba hupandisha ungo mmoja wa udongo juu ya paa la kanisa, na anayeumwaga husema shukrani yake. Huu ni wa mtoto aliyepona surua. Huu ni wa ng'ombe aliyepatikana. Bibi hupandisha nyungo mbili, mmoja wake na mmoja wa Babu, ingawa Babu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Babu ndiye aliyekata boriti ya upande wa wanawake, mninga mtupu, na Bibi hukaa chini ya boriti hiyo kila Jumapili, hasogei hata mahali pakijaa. Sasa nani angepanda na jembe akwangue shukrani za watu? Mzee Zakayo, mzee wa kanisa anayesimamia paa, alikuwa na msemo wake: kilichopandishwa kwa Mungu hakishuki. Wote tuliona ni sawa. Mwaka juu ya mwaka, shukrani juu ya shukrani.

Halafu serikali ikatuweka pamoja vijijini. Nyinyi wengine ndipo mlipokuja, na vyombo vyenu na kuku wenu wamefungwa miguu, kutoka porini na kutoka njia ya Mkiwa. Kanisa lilikuwa hapahapa tangu zamani, ila lilikuwa la nyumba chache. Mara likawa la kijiji kizima. Na kila aliyehamia naye alitaka ungo wake uwemo. Mgeni ambaye udongo wake haujapanda alijiona bado yuko safarini. Na mwezi ule Mwinjilisti Yona alikuwa amehubiri Hagai mpaka jasho likamtoka: nyumba zenu mpya zimepangwa mistari, zina milango, mbona hii mnaitazama tu? Watu waliwaka. Jumamosi ile mlolongo wa nyungo ulianzia kanisani ukafika kwa balozi wa nyumba kumi.

Kwangu mimi dalili ilitangulia. Juu ya kipande chetu cha ukuta, pale boriti inapoingia, palikuwa na ufa. Niliusiriba likizo ya mwezi wa sita. Niliporudi mwezi wa kumi na mbili nikaukuta tena, nikausiriba. Baada ya siku chache ukafunguka. Nikadhani mkono wangu umeharibika kwa kushika kalamu sana. Tumefundishwa usipoziba ufa utajenga ukuta, basi nikaziba, na nikaziba vizuri, mpaka Bibi akanisifu. Ndugu zangu, methali ile ni nzuri lakini haijakamilika. Ufa ukizibwa ukarudi palepale, acheni beseni. Inueni macho. Kuna kitu huko juu kinausukuma ukuta, na ninyi mnampaka poda mtu mwenye homa.

Basi vumbi liliponiingia machoni nikafuta, nikatazama juu. Boriti ya Babu ilikuwa imepasuka kwa urefu, kutoka ukutani mpaka karibu na nguzo ya kati, na tumbo lake limeshuka kama la punda mwenye mimba. Kwenye sakafu palikuwa na kibanzi kimeanguka, chekundu, bado kinanukia.

Nilitoka mbio. Bibi alikuwa nje anakanyaga udongo.

"Bibi, boriti ya Babu imelia."

"Imelia vipi?"

"Kama muwa."

Miguu yake ikasimama. "Kamwambie Zakayo."

"Mwambie wewe, Bibi, nakuomba."

"Mimi nimeiona? Aliyeona ndiye mwenye mdomo. Nenda."

Nikapanda ngazi nusu. Mzee Zakayo alikuwa juu, anapokea nyungo, kanzu yake ya kazi imekuwa nyekundu yote, anaongoza wimbo. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona kwake hata kwenye arusi ya mwanawe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Lete udongo."

"Sina udongo, Mzee. Nina—"

"Basi kalete! Nyumba yenu bado." Akaendelea na ubeti.

Nikashuka. Bibi akanitazama tu. Nikapanda tena, nikasema, nadhani nilisema, lakini wimbo ulikuwa mkubwa kuliko mimi, na Mzee akaniitikia "marahaba" mara ya pili, akidhani nina adabu nyingi siku hiyo. Mara ya tatu sikusema kitu. Nilimwekea kile kibanzi kwenye kiganja.

Alikitazama. Akakigeuza. Mkono wake mwingine ulikuwa umenyooshwa kupokea ungo, ukabaki hewani. Wimbo ulikatika pale alipokatika yeye, wengine wakafuata mmoja mmoja, kama mbuzi wanaosimama nyuma ya mbuzi wa mbele.

"Shukeni," akasema. "Taratibu. Mmoja mmoja. Asiruke mtu."

Mtu aliyejua kuegemeza vitu vizito kijijini alikuwa Mzee Ramadhani, ambaye nyumba yake inatazamana na kanisa. Ni Mwislamu, Mnyamwezi, alifanya kazi ya reli Manyoni mpaka akaoa kwetu. Wanyamwezi na Wagogo ni watani, kwa hiyo hata siku ya msiba hatuwezi kuwa salama naye. Alikuja na nguzo mbili za mpingo begani mwa wanawe, akaingia, akatazama juu kwa muda.

"Mbukwenyi, Wagogo," akasema kwa lugha yetu, anavyotusalimu akitaka kututania. "Mungu wenu amewaomba mioyo, ninyi mmempa kilima?"

"Nyamaza, Mnyamwezi," Bibi akamjibu. "Wewe nyumba yako umejengewa na mkeo."

"Ndiyo maana haijaanguka, shemeji."

Tulicheka, hata Mzee Zakayo kidogo, huku tumeshika nguzo. Waliziweka mbili chini ya boriti, wakazigongea vigingi. Mzee Ramadhani akafuta mikono.

"Hii itawashikilia leo na kesho. Mvua ikija, udongo ule utakunywa maji, utakuwa na uzito mara mbili. Hapo hata nguzo za reli hazitasaidia. Ushusheni."

Mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa upande wa mashariki tangu juzi yake. Kila mtu aliyaona.

"Haushuki," Mzee Zakayo akasema. Hakusema kwa ukali. "Ungekuwa udongo ningeushusha sasa hivi. Ule si udongo. Mwanangu wa kwanza yumo pale, shukrani yake iko chini kabisa, ya mwaka wa kwanza wa kanisa hili. Nimshushe nimpeleke wapi?"

Mwanawe huyo wa kwanza alikufa akiwa kijana, na watu wote wanajua.

Na nje mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wale ambao nyungo zao hazijapanda hawakutaka kuondoka. Mama Tabu, aliyehamia mwaka huu na watoto wanne, alisimama na ungo wake kichwani, hautui.

"Sisi tuliokuja nyuma ndio tunaambiwa paa limejaa?" akasema. "Kama lilijaa kabla sijachimba, si ningeambiwa?"

Hasira yake niliielewa. Lakini nilimtazama Bibi, na Bibi alikuwa anatazama mahali pake chini ya boriti, penye nguzo mpya mbili. Nikajua kwamba kesho, Zakayo akisema ibada iko palepale, Bibi ataingia, atakaa palepale. Hatasogea. Namjua. Mengine yote mniulize, lakini siku ile jambo nililoliogopa lilikuwa hilo: kwamba Bibi yangu ataketi chini ya mlima ule kwa ajili ya adabu.

Mwinjilisti Yona alifika alasiri. Alisimamisha baiskeli, akaambiwa yote kwa mara moja na watu wengi, akaingia, akatoka. Alisema tu kwamba ibada ya kesho itakuwa nje, upande wa ukuta wenye kivuli, na jambo la udongo litaamuliwa na watu wote baada ya neno. Msomaji wa neno nilikuwa mimi, kwa sababu nikiwa likizo kazi hiyo huwa yangu. Kusoma si kusema. Maneno ni ya mwingine, mimi nayapitisha tu. Sehemu tuliyopangiwa ilikuwa Hagai tena: pandeni milimani, leteni miti, mjenge.

Nikakaa nje ya nyumba yetu na Biblia kabla jua halijatua. Niliona siwezi kwenda kusimama mbele ya watu na Hagai kinywani na boriti ile machoni. Mtu kama mimi akishindwa kusema hutafuta mtu aliyekwisha kusema. Nikakumbuka kitu tulichosoma shuleni juu ya hema la Musa jangwani. Nikafungua Kutoka, nikapitisha kidole, na mlango wa thelathini na sita nikakipata.

Mwinjilisti alikuwa anatia upepo gurudumu la baiskeli. Nilimshikia kitabu na kidole changu kikiwa mahali pake. Akainama, akasoma. Akasoma tena. Halafu akacheka peke yake, cheko la mtu aliyekamatwa.

"Kesho utasoma hapa," akasema.

"Soma wewe, Mwinjilisti."

"Mimi ndiye niliyewaambia leteni. Nikiwaambia na acheni, wataniuliza washike lipi. Soma wewe, binti. Halafu sauti iwe kubwa. Jana—" akafikiri, "jana, leo, siku zote, sauti yako inafika kwenye mstari wa kwanza tu."

Usingizi wangu wa siku ile nisiuseme.

Jumapili watu walikaa chini, kivulini. Mzee Zakayo mbele, kanzu safi. Mama Tabu nyuma, na ungo wake wa udongo pembeni. Alikuja nao ibadani kama mtu aliyekuja na mtoto. Mzee Ramadhani naye alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yake ng'ambo, anajifanya anasuka kamba, masikio yote yako kwetu. Nikasoma. Nilisoma jinsi watu walivyoleta sadaka asubuhi baada ya asubuhi kwa ajili ya hema, mpaka mafundi wakaacha kazi wakamwendea Musa, wakamwambia watu wanaleta zaidi ya inavyotosha. Na Musa akatangaza kambini kote, mwanamume wala mwanamke asilete tena. Watu wakazuiwa wasilete.

Mtu mmoja akasema polepole, "Kumbe imo?"

"Imo," Mwinjilisti akasema. "Mimi niliwasomea leteni, sikufika kwenye acheni."

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kurudi kukaa. Bibi akasimama.

"Soma tena, mjukuu wangu."

Nikasoma tena.

"Sasa," Bibi akasema, "hao wa Musa waliambiwa wasilete. Nimesikia. Waliambiwa warudishe?"

Watu wakageukiana. Mzee Zakayo akainua kichwa, akasema, "Mmemsikia mama." Na kweli haimo. Nilipitisha macho juu na chini ya ukurasa, hakuna neno la kurudisha. Ilikuwa kana kwamba Bibi amenifungia mlango, naye ndiye niliyekuwa nakimbilia kumtoa.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilifunga kitabu na bado nikasema.

"Sadaka haikurudishwa, Bibi. Ilifanyiwa kazi."

Sauti ilitoka ndogo. Kwenye mstari wa pili walikuwa wanaulizana amesema nini. Lakini Bibi amezoea sauti yangu. Ameisikia tangu haijawa na maneno. Akageuka kwa watu, akapaza ya kwake.

"Anasema ilifanyiwa kazi! Vitu vile havikuletwa vikae. Viliketi, havikuketi?"

"Havikuketi," watu wakaitika.

"Ikawa hema."

"Ikawa hema."

Bibi akamtazama Mzee Zakayo. "Udongo wetu umefanya kazi gani, Zakayo, zaidi ya kulala juu na kutuvunjia boriti? Mume wangu aliikata ibebe paa. Hakuikata ibebe kila mtu aliyepona mafua."

Wengine walicheka, wengine waliogopa kucheka. Mzee Zakayo akauliza, na sauti yake ilikuwa imelegea, "Kazi gani basi, mama? Ukishuka utakuwa wa kazi gani?"

Mama Tabu akajibu kutoka nyuma kabla hajafikiri, nadhani, maana hata yeye alishtuka. "Sisi tunakaa chini."

Ni kweli. Wenyeji walikuwa na viti vyao na vigoda, kila nyumba na chake. Waliohamia walikuja na walichoweza kubeba, na kanisani walikaa kwenye sakafu na watoto wao. Tulikuwa tumewaona Jumapili zote hizo.

"Vibaraza," Mwinjilisti akasema. "Vibaraza vya udongo kuzunguka ukuta wote, ndani. Mtu yeyote akae."

Mzee Ramadhani akashindwa kuvumilia, akapiga kelele kutoka kizingitini. "Zakayo! Mtu akitoka darini akakaa sebuleni, amehama nyumba?"

Mzee Zakayo akainua macho kwenye paa. Kisha akasema, "Hajahama." Akafuta uso kwa ukingo wa kanzu. "Hajahama. Ushuke. Ila wa mwaka ule wa kwanza mniachie mimi, nitaushusha kwa mikono."

Alasiri yake Mzee Ramadhani na wanawe wakaongeza nguzo, upande huu na upande ule, mpaka ndani pakafanana na zizi. Lakini ilipofika swali la nani atapanda kwanza akate, wanaume wote wakakumbuka shughuli nyingine. Hakuna aliyetaka jembe lake liwe la kwanza. Bibi akasema, kama mtu anayeagiza chumvi, "Damari mjukuu wangu atapanda. Ataanza na wa kwetu."

Nikasema wasichana hawapandi na jembe. Bibi akaniuliza binti za Shalumu walipitia wapi. Kumbe siku niliyomsimulia alikuwa anasikiliza.

Mtasikia watu wakisema haya yote ni ya muda tu, siku moja tutapata bati kama makanisa ya Manyoni, na kazi itakwisha. Msiwaamini. Bati lina misumari, na msumari una kutu, na kutu haijui kuwa ile ni nyumba ya Bwana. Nyumba ya Mungu haitunzwi na aliyeijenga. Inatunzwa na anayeinua macho akiwa ndani yake.

Asubuhi yake, Jumatatu, kabla ng'ombe hawajatoka zizini, nilipanda ngazi na jembe la Babu. Mawingu yalikuwa yamesogea mpaka juu ya kijiji. Nikajifunga kanga vizuri, nikasimama upande wa boriti yake, nikakata taratibu. Udongo ulikuwa umelala tabaka kwa tabaka, mwekundu, wa kijivu, mwekundu tena. Bibi alikuwa chini na ungo, anapokea. Kila tabaka nililomteremshia aliligusa kwa vidole kabla halijamwagwa. "Huu ulikuwa mwaka wa njaa," alisema mara moja, na mara nyingine, "Huu ndio mwaka uliozaliwa wewe."

Nikashuka, nikamimina maji, nikaanza kuukanda kwa miguu pale chini ya dirisha dogo. Mama Tabu akaja. Ungo wake uleule wa Jumamosi alikuwa nao, udongo umekauka, umefanya maganda.

"Wangu haukupanda," akasema.

Nikamwambia amwage hapo hapo. Aliinama, kisha akasita, akaniuliza kama atasema shukrani yake ingawa si juu ya paa. Nikamwambia aseme.

"Huu ni wa kufika," akasema, akaumwaga.

Nikaukanyaga pamoja na wa Babu.